Msiba wa Enriko

Mwalimu Leodegar alijua kuna msiba kwake kwa sababu ya viti. Viti vya plastiki vya kijani havitembei vyenyewe. Ukiviona vimepangwa chini ya turubai mbele ya geti la mtu Jumamosi alasiri, basi mtu huyo ama anaozesha ama amefiwa, na Leodegar hakuwa anaozesha. Binti yake wa pekee, Hope, alikuwa chuoni Dodoma na hajamtaja mwanamume yeyote. Hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Hope!

Angeuliza, lakini mtaani kwao, nyuma kidogo ya stendi kuu ya Mbezi Luis, kuna utaratibu wake. Pole kwanza, maswali baadaye. Na mwenye msiba ndiye wa mwisho kabisa kuuliza nani kafa, maana atauonyesha ulimwengu kwamba hajui ya nyumbani kwake.

"Pole sana, Mwalimu," wanaume walisimama kumpa mikono.

"Asante."

"Pole, Mwalimu. Ndiyo dunia."

"Asante, nimeshapoa," alijibu, wala hajajua alichopoa.

Simu yake ilikuwa imezimika tangu asubuhi akisimamia mtihani, kwa sababu usiku umeme haukuwepo na hakuichaji. Umeme ndio uliokuwa ugomvi mkubwa wa maisha yake. Wengine wana ugomvi na shemeji zao, yeye ana ugomvi na umeme. Kila jioni akirudi, hata viatu hajavua, swali lake kwa mkewe lilikuwa moja: "Umeme upo?" Kama upo, anakimbilia pasi na simu na pampu ya maji. Kama haupo, anakaa kwenye kochi na kuusubiri.

Alipita katikati ya wanawake waliojaa sebuleni. Mkewe, Kokuberwa, alikuwa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, kanga kaifunga kichwani. Cherehani yake, anayoshonea sare za shule, ilikuwa imefunikwa shuka.

"Enriko wangu jamani!" alilia. "Enriko wangu mie!"

"Jamani Enriko," wanawake waliitikia.

Leodegar alishusha pumzi. Hope mzima! Alishukuru Mungu kwa moyo wote, lakini shukrani yenyewe haikudumu. Enriko ni nani? Na kwa nini ni *wangu*?

"Zubeda," alimnong'oneza jirani yao wa ukuta mmoja, muuza vitumbua, aliyekuwa amemshika Kokuberwa mabega huku naye machozi yanamtiririka. "Nani kafa?"

"Mwalimu, mwache mwenzio apumue," Zubeda alimjibu kwa huruma. "Siyo sasa."

Basi Leodegar akafanya jambo lisilofanywa msibani: alimwinua mfiwa, akaingia naye chumbani, akafunga mlango.

"Mama Hope, huyu Enriko ni nani?"

Kokuberwa alipenga kamasi kwa ncha ya kanga. "Wa kwenye ile picha ya Kizungu, Baba Hope. Aliyoniletea Zubeda kwenye flashi. Ile wanayoimba."

Leodegar aliijua picha hiyo kwa masikio. Wiki mbili sasa ilikuwa inaimba humo ndani juu ya kelele za cherehani. Haikuwa ya Kiingereza, wala haikuwa na yule bwana wa kutafsiri anayeongea juu ya sauti za watu. Watu wake wa Ulaya wanaimba pale ambapo mtu mwenye akili timamu angeongea tu. Kuna kijana mmoja mtengeneza piano na dada mmoja muuza mikate katika mji wa baridi. Jina la kijana lilikuwa halisikiki vizuri kwa sababu ya vinanda, ndipo Kokuberwa akampa la Enriko, akaona linaendana na sura yake. Kijana anasafiri kwa treni, anarudi anakohoa, anaketi kwenye benchi la stesheni. Na kila akifika kwenye benchi, umeme unakatika.

"Leo haukukatika," alisema Kokuberwa, na midomo ikaanza kumcheza upya. "Akafa."

Alipopiga yowe, Zubeda aliruka ukuta. Alipoambiwa nani kafa, Zubeda naye akapiga la kwake, maana kwao umeme ulikuwa unakatika palepale, na habari za kijana alikuwa anazisubiri kama mwenzake. Mayowe mawili yanatosha kabisa kwa mtaa ule. Hakuna aliyeuliza. Turubai likaja.

"Ningewaambiaje, na viti vilikuwa vimeshateremka?"

Mwanamume mwingine angecheka. Leodegar aliumia, tena aliumia vibaya, kama kijana wa kidato cha pili. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na mke wake hajawahi kumlilia hata robo ya kilio kile!

"Mie nilipopasuliwa kidole tumbo hukulia," alisema.

"Uliniambia niache kulia nichemshe maji kabla umeme haujakatika."

"Hata mama yako alipofariki Machi hukumlilia hivi. Ulirudi kutoka mazikoni kwenu Kamachumu, kesho yake uko kwenye cherehani."

Kokuberwa alimtazama. Machozi yalikuwa yamekauka ghafla.

"Kule hukuwepo," alisema. Akajifunika kanga, akarudi mkekani.

Leodegar alitoka nje akiwa ameamua kuukata mzizi wa fitina: atawaambia watu ukweli, wamcheke, waende zao. Lakini chini ya turubai kikao kilikuwa kimeshaanza. Balozi Nassibu, kiongozi wa nyumba zile, mzee mwenye baraghashia na sauti ya upole, alikuwa ameketi pamoja na Didas, mwenyekiti wa umoja wa watu wa Kagera waishio Mbezi, ambaye upole haujui.

"Mwalimu, kaa hapa," Didas alisema. "Mwili uko wapi?"

"Ulaya," Leodegar alijibu bila kufikiri. Mwalimu akiulizwa swali hujibu.

Watu wakaguna. Didas akasimama. "Haiwezekani! Mtu wetu azikwe ugenini, kwenye barafu? Analetwa!"

"Siyo mtu wetu, Didas. Ni mtu wa kwenye sinema."

"Kumbe msanii!" Didas alishika kichwa. "Mnaona? Vipaji vinavyotuondoka?"

"Nisikilizeni!" Leodegar alipandisha sauti ya darasani. "Huyo mtu hayupo. Hayupo kabisa."

Balozi Nassibu akamshika mkono taratibu. "Tunajua, mwanangu. Ndiyo maana tumekuja."

Na wazee wakatikisa vichwa, wakisema Mwalimu anajikaza sana.

Zubeda ndiye aliyetokea mlangoni na kuharibu mambo zaidi. "Kama mnataka kumjua, si mumwone? Yupo kwenye flashi."

Hoja ikapita palepale. Mtu haagwi kwa kusimuliwa. Televisheni ilitolewa kwa heshima, vijana wanne wakiishika pembeni na mmoja akitangulia kuwaambia watu wapishe. Waya ukapitishwa dirishani, mablanketi yakatundikwa kuzuia jua. Balozi alitaka watu wapite mstari mmoja, waage, watoke upande wa pili, lakini marehemu alikuwa bado anatembea na kuimba, ikabidi wakae. Leodegar aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti cha mfiwa.

Sasa akamwona mbaya wake. Loo, kijana mwenyewe! Mabega membamba, koti la mtu mwingine, nywele zinazomwingia machoni. Sauti yake haikushinda ya mtu wa besi pale parokiani. Leodegar alimkagua kama daftari la mwanafunzi mvivu, akitafuta alichonacho, asikione. Nyumba hana. Kazi yake ni kugonga piano za watu na kusikiliza.

Halafu akaanza kuona. Kila jioni kwenye picha ile, muuza mikate akirudi, kijana alimpokea kapu, akaliweka chini. Aliketi mbele yake, goti kwa goti, akamwimbia kitu kifupi, kilekile kila siku. Yule dada naye hujibu kwa wimbo mrefu usioisha, anaimba akivua viatu, anaimba akifungua nywele, na kijana haondoi macho.

"Anamwambia nini pale?" Didas aliuliza.

"Anamwuliza," Zubeda alisema. "Husikii sauti inavyopanda? Anamwuliza: miguu haijakuuma kwa kusimama?"

"Wapi!" alidakia mke wa Didas kutoka nyuma. "Anamwuliza: leo nipike mie?"

Wanaume wakacheka. Wanawake hawakucheka, walikuwa wanafikiri. Mmoja akasema anamwuliza nani kakuudhi. Bibi mmoja, mjane, akasema kwa sauti ndogo kwamba anamwuliza usiku uliota nini. Didas akasema jamani, mfanyabiashara anaulizwa mikate imetoka au haikutoka. Akazomewa mpaka akainamisha kichwa. Msiba mzima ukawa unabishania swali moja la Kizungu, na kila mwanamke alikuwa na lake, na kila mume alimsikia wa kwake akilitaja, akawa anaangalia viatu.

"Mama Hope," Balozi alisema, "wewe ndiye mfiwa. Anamwuliza nini?"

Kokuberwa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe vya chai. "Sijui, Balozi. Lugha yao siijui. Najua tu kwamba akiuliza, anasubiri jibu."

Leodegar naye akaangalia viatu vyake. Kilichomchoma hakikuwa wivu tena, na bora kingekuwa wivu.

Kijana alipanda treni. Kijana alirudi. Alikuwa anakohoa sasa, Didas naye akawa anakohoa kwa kumsaidia. Alifika kwenye benchi la stesheni, akakaa, akafunga skafu ya muuza mikate shingoni, akafungua mdomo kuimba.

Umeme ukakatika.

"Aaaah!" turubai zima liliguna.

Watu walisubiri. Wakasubiri. Balozi Nassibu akakohoa kiserikali.

"Sasa hapa, ndugu zangu, pana ugumu," alisema. "Sie hatujamwona akifa. Tumemwacha kwenye benchi anakohoa. Siwezi kusimamia msiba wa mtu anayekohoa."

Hapo minong'ono ikaanza. Kumbe ni sinema? Kumbe kweli ni sinema! Mtu nimeacha shughuli zangu nimekuja kulia sinema? Mmoja akacheka kwa pua, wa pili akafuata. Didas alichukua kiti chake akakipachika juu ya kingine, na mlio ule wa plastiki ukasikika kote. Watu wote wakamgeukia Kokuberwa. Alikuwa bado amesimama na sinia, na vikombe vilikuwa vinagongana. Tangu siku ile mtaa ungemwita mjane wa Enriko mpaka anakufa, na yeye alilijua hilo.

Leodegar alisimama. Watu wakadhani msemaji wa familia anataka kutoa neno. Hakutoa. Alikwenda mlangoni, akampokea mkewe sinia, akaliweka chini. Akamshika mkono, akamketisha mkekani, naye akakaa mbele yake, magoti yakilia, goti kwa goti, mbele ya mtaa mzima. Kuimba hakujaribu, na tumshukuru kwa hilo.

"Koku," alisema. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu Hope azaliwe. "Kule Kamachumu ilikuwaje?"

Akasubiri.

Kokuberwa alimtazama kuhakikisha kama anataka jibu. Kisha akaanza polepole.

"Nilimshonea gauni," alisema. "Hukuliona. Nilishona usiku ule tulipopigiwa simu, nikapanda nalo basi alfajiri, nimelipakata njia nzima lisikunjike. Vipimo nilikadiria tu kwa kichwa. Kufika, nikakuta mikono ni mirefu. Mama alikuwa amepungua, Baba Hope. Alipungua na mie sikujua. Ikabidi nikae pale pembeni yake na wembe, nifumue, nikunje, nishone upya kwa mkono, na watu wanasubiri nje kumtoa. Mvua inanyesha, wananiambia Koku fanya haraka. Nilipomaliza hata kulia sikuweza. Uzi ulikuwa bado uko mdomoni."

Hakuna aliyecheka sasa. Zubeda alikuwa analia, lakini kwa namna nyingine, bila sauti.

"Nikarudi. Ulinipokea hapo stendi. Ulibeba begi. Nikasema akiniuliza tu, nitamwambia." Alifuta uso kwa kiganja. "Ukaniuliza kama kule kwetu umeme upo."

Leodegar alibaki amemshika mikono na machozi yanamshuka ndani ya kola ya shati.

Balozi Nassibu alivua baraghashia yake, akaivaa tena, akarudi kukaa. "Kumbe msiba upo," alisema. Didas alikishusha kiti alichokipachika, kimyakimya kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaketi. Na wengine wakaketi. Bibi mjane akamimina chai.

Kokuberwa alikuwa amefika kwenye udongo mwekundu wa kaburi na migomba ya babu yake wakati mtaa mzima ulipolipuka kwa shangwe, "Umemeee!", na taa zikawaka nyumba hadi nyumba. Televisheni nayo ikawaka, ikaanza picha upya, vinanda juu. Vichwa vyote vikageuka.

Cha Leodegar hakikugeuka.

"Halafu?" alimwuliza mkewe.