Chuma cha Kugongea Soli

Mawimbi ya masika yalipokula ufukwe, ukuta mnene walioujenga wanajeshi wa vita vya zamani uliporomoka, na mchanga ukatapika yaliyokuwa chini yake: kofia za chuma, maganda ya risasi, vifungo vya mikanda. Watu wakajizolea. Fundi viatu naye, bingwa wa kuokota, akarudi nyumbani na chuma kinene kama paja la mtoto, kichwa chake kimeviringana vizuri.

Mkewe, aliyekuwa akishona nguo katika chumba kilekile alichotengenezea viatu mumewe, alimwambia hakipendi kile kidude. Fundi akamcheka. Chuma chake cha kugongea kilikuwa kimepinda, na hiki kilimkaa katikati ya magoti kana kwamba amepimiwa. Akakisugua kutu, akawa anakivalisha kiatu kichwani, anagonga. Siku nenda siku rudi, ko, ko, ko, hadi majirani wakambatiza Mpiga Ngoma.

Asubuhi moja akaja mteja, dada mmoja mwanajeshi, kubadilishiwa visigino vya buti. Mcheshi huyo! Alikaa kwenye benchi akimtania fundi kwamba viatu anavyotengeneza huwahi kuisha kuliko maneno yake. Fundi akapiga msumari wa kwanza. Alipopiga wa pili, kitu kikalia ndani ya chuma, tik, kama komeo limeachia.

Utani ukakatika. Mwanajeshi akainama, akalivua buti taratibu kutoka kwenye kichwa cha chuma, akatazama.

"Fundi," alisema polepole, "weka nyundo mapajani. Usisogeze magoti hata kidogo. Hilo ni kombora, na bado halijalipuka."

Akatoka kuwaita wataalamu wa mabomu na kuwaondoa majirani, akimsihi mke wa fundi amfuate. Fundi akaweka nyundo mapajani. Jamani, kichwani! Kila siku alikuwa akilipiga kichwani, tena kwa nguvu zake zote, huku anapiga mluzi. Hofu ikamwingia hadi masikio yakaziba, kisha ikashuka miguuni. Magoti yakaanza kutetemeka, na lile kombora likatetemeka nayo.

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akaona.

"Mama watoto, toka," fundi alimwambia. "Watoto wakitoka shuleni wamkute hata mmoja wetu."

Mwanamke alisimama pale akilia bila sauti. Alitaka kukimbia, Mungu anajua alivyotaka. Lakini aliyaona yale magoti, akajua hayatastahimili peke yake. Akarudi kwa kunyata, akaketi sakafuni, akayakumbatia kwa mikono miwili, akayabana kifuani. Fundi akamwita mjinga, akamwomba, akamwapiza. Mkewe akazidi kuyabana. Kidogokidogo miguu ikatulia.

Wataalamu wakafika. Mmoja alilishika kombora juu, mwenzake chini, wakalinyanyua kama watu wanaobeba mtoto aliyelala, wakatoka nalo hadi ufukweni kulilipua. Mshindo ulitikisa mabati ya mtaa mzima.

Mwanajeshi akarudi kuwaambia kwamba yameisha, wanaweza kuinuka. Fundi naye akamwambia mkewe hivyo hivyo, mara moja, mara ya pili, akimpapasa kichwa. Watoto walirudi kutoka shuleni wakamkuta mama yao bado ameketi sakafuni, ameyang'ang'ania magoti ya baba yao, na mikono haitaki kuachia.