Pacha wa Koleta

Rahabu alipofika msibani Ngujini, wanawake wa umri wake waliinama wakamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alikuja kumwosha Koleta, pacha wake, hakuja kuamkiwa.

"Pole mama," alisema Redempta, jirani wa marehemu, akimshika mkono. "Kumzika mwana ni mzigo."

"Mimi si mama yake. Ni pacha wake."

Wanawake wakatazamana. Wala usiwalaumu sana. Koleta aliolewa huku juu, kwenye mawingu na migomba, akazeeka taratibu kama mtu asiye na haraka. Rahabu alibaki chini, tambarare za Same, akianika singa za mkonge juani tangu usichana wake. Koleta ndiye aliyekuwa akishuka kumtembelea. Tabibu wa zahanati aliwahi kumweleza Rahabu kwamba ndani ya ngozi mna nyuzi laini zinazoishikilia isilegee, na jua huzikata mwaka hadi mwaka, mtu asihisi kitu. Siku ile alicheka. Mkonge gani hukaukia kivulini?

Kwa ukoo ule, mama mzazi haingii kumwosha mwanawe, huketishwa mkekani. Mume wa Koleta alikwisha kufa, na binti yao alikuwa bado njiani kutoka Mbeya. Hakukuwa na mwingine wa kuthibitisha kwamba Rahabu ni pacha. Basi Rahabu akapandisha mkono wa gauni hadi begani, akawaonyesha upande wa ndani, pasipopata kupigwa na jua. Ngozi ilikuwa nyororo.

"Kautazameni mkono wa Koleta. Ni huu huu."

Redempta akaingia ndani, akatoka analia. "Kweli mama, mmefanana. Alikufuata wewe." Kisha akawanong'oneza wenzake kwamba uchungu umemchanganya.

Mlango ukafungwa. Rahabu akakaa mkekani, akisikia maji yakimwagwa kule ndani. Alimlilia Koleta, akajililia na yeye mwenyewe, maana mtu pekee aliyemjua alivyokuwa msichana ndiye huyo anayeoshwa na wengine.

Waombolezaji walizidi kufika, na kila mmoja alimwamkia. Akachoka kubishana nao.

"Marahaba," akasema. "Marahaba."

Bibi mmoja akaketi kando yake. "Mama, Mungu alikujalia wengine?"

Rahabu akautazama mlango.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa na huyo tu."