Mwanamke wa Mtungi

Kwenye orodha ya waigizaji wa mchezo wetu wa chuo kuhusu jeshi la mapinduzi sikuwa na jina. Nilikuwa Mwanakijiji wa Nne: nasuka ndara za majani ya mpunga nyuma ya makamanda, naitikia kiitikio, natoka.

"Wanakijiji mmesimama kama vigingi!" alifoka Mwalimu Kuang, mwongozaji wetu. "Nendeni vijijini mkaniletee mienendo ya watu halisi!"

Nikaenda kwa Bibi Zhong, mwenye miaka themanini na sita. Mlangoni pake kuna kibao chekundu cha familia ya shujaa, kwa ajili ya kaka aliyekwenda na jeshi la mapinduzi kabla yeye hajazaliwa, asirudi tena. Alinifundisha kusuka.

"Mikono ya chuo hii! Hata bata ningemfundisha kwa taabu ndogo kuliko wewe."

Siku ya nne, tukila viazi vitamu, akaniambia habari za kaka huyo. Jeshi lilipokuja kutafuta vijana, mama yake alimficha mwanawe ndani ya mtungi wa mboga za chumvi, akaketi juu ya kifuniko. Wakamkuta.

"Mama aliwaambia watu kwamba alimsindikiza mwanawe kwa wimbo. Alikufa na aibu hiyo. Usimwambie mtu, mjukuu wangu."

"Sitasema, Bibi."

Nilisema. Jumatatu wenzangu walionyesha walichopata: huyu mwendo wa kuchechemea, yule kikohozi. Mwalimu akapiga miayo. Zamu yangu ilipofika, nikataka anitazame, mara moja tu.

"Mtungi!" Mwalimu akapiga makofi. Akaongeza kwamba kijana apige chafya mtungini, ndipo akamatwe. Nikapewa wimbo wa peke yangu, nao nikauimba kwa sauti ya Bibi Zhong, pamoja na ule mzaha wake wa bata.

Onyesho la kwanza lilikuwa katika ukumbi wa wilaya. Wazee wa vijiji walialikwa. Nikachungulia kando ya pazia nikamwona Bibi Zhong safu ya pili, koti jipya limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Mwalimu, leo mtungi tuuache."

"Una wazimu? Hapo ndipo watu watakapocheka!"

Ningeweza kukataa. Niliketi juu ya kifuniko. Chafya ikatoka, ukumbi ukaangua kicheko. Nilipofika kwenye maneno ya bata, mwanamke mmoja akapaza sauti, "We Zhong! Si maneno yako hayo? Kumbe huyo wa mtungini ni kaka yako!"

Vichwa vikageuka. Yeye alitazama mbele tu.

Nilimkuta nje, karibu na gari la kijiji, nguo za jukwaani bado mwilini mwangu.

"Bibi, nisamehe."

"Hakupiga chafya," alisema polepole. "Mama alikuwa anatetemeka, kifuniko kikawa kinagongagonga. Ndivyo walivyojua. Hakuna aliyecheka."

Ngazi ya gari ilikuwa juu, nikamnyooshea mkono.

"Pole na kazi, mwigizaji," akaniambia, akamwita dereva amshike mkono.