Kamba ya Ng'washi

"Mama Yakobo, na hilo darasa lako la saba, unakwenda kuwafundisha nini mahakimu?" Mhoja, jirani yake pale Mkuyuni, aliuliza huku akigeuza dagaa juani.

"Mafundo," Dorcas alijibu, akaendelea kupiga pasi kitenge cha kanisani.

Tangu afiwe na mume, miaka ishirini na sita, alikula kwa sindano ya kushonea nyavu. Ndiye aliyeanza kusema kuhusu Ng'washi, mfanyakazi wa ndani wa Bwana Nkwabi, aliyekuwa akija sokoni na kamba kiunoni, ikiburuzika nyuma yake mpaka kwenye kidole cha tajiri wake. Kila mtu aliiona. Bodaboda walipunguza mwendo, wakaivuka. Kesi ya utumikishaji ilipofunguliwa, Dorcas akaitwa kuwa shahidi mtaalamu.

Aliapa kwa Biblia, akaomba kuishika kamba, ambayo bado ilikuwa kiunoni mwa Ng'washi.

"Fundo hili ni la siku Nkwabi alipomnyang'anya simu," alisema. "Hili, siku alipomwambia kwao wamemkataa. Fundo la mwenye hasira hukaa upande. Haya yamekaa sawa. Aliyafunga akicheka."

Nkwabi, kizimbani, alitabasamu kidogo. Karani aliandika.

"Mlango haukuwa na kufuli, mama," alisema wakili wa Nkwabi. "Na ufunguo alikuwa nao binti."

"Mbuzi aliyefungwa kamba, mwanangu, unamfungia mlango wa nini?"

Watu wakacheka. Wakili akakohoa. "Basi mbona hukuifungua, mtaalamu?"

"Lile la kiunoni hufunguliwa na mwenye kiuno tu." Dorcas alichomoa uzi wa nyavu mkobani, akafunga fundo kama lile, akaliinua juu Ng'washi alione vizuri. "Kidole gumba kinaingia hapa. Unasukuma, huvuti. Wengi hukosea, huvuta."

Hakimu aliomba aoneshwe tena. Akaoneshwa.

Alasiri akasoma hukumu. Ushahidi wa Dorcas umekubaliwa wote, neno kwa neno. Lakini hati ya mashtaka inasema binti alifungiwa ndani, na kufungiwa ni kufuli. Mshtakiwa yuko huru. Kamba, kwa kuwa ni mali yake, arudishiwe.

Nkwabi alianza kuikunja mkononi bila haraka, kama mtu anayeanua nguo. Ncha ya kiunoni ikamfikia tupu, fundo limeshafunguliwa. Aliitazama, akaipangusa vumbi, akaitia mfukoni. Kesho yake alikuwa na binti mwingine anayekuja kwake kwa kivuko cha Kamanga.

Dorcas alimwomba karani amsomee pale palipoandikwa jina lake.

"Shahidi wa tatu, Dorcas, mtaalamu wa mafundo."

"Soma tena, baba."

Karani akasoma tena. Dorcas aliketi wima, mkoba magotini, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Shikamoo, mama," alisema Ng'washi.

"Marahaba, mwanangu."

Ng'washi akapita mbele ya Nkwabi, akatoka nje.