Mkazamwana

Mama mkwe alifungua kopo la sukari asubuhi, kijiko mkononi, chai imeshamiminwa, na kicheko cha mkazamwana wake kikatoka. Kilikuwa kicheko cha kawaida, kile kirefu chenye kikohozi mwishoni, na kilipokwisha kopo likabaki na sukari yake. Mama mkwe akachota sukari, akakoroga, akafunika.

"Wewe!" akaita kuelekea jikoni. "Vitu vyako usiviweke kwenye sukari. Mtoto kalala."

"Samahani, mama," akajibu mkazamwana. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, amekaza. Alikuwa amekaza tangu alipoamka, na jana yake vilevile, na mwezi uliopita.

Kwenye chumba cha kushonea alikofanya kazi walimwita Redio. Hapo zamani akicheka alisikika mpaka barabarani, na mpita njia mwenye suruali iliyochanika alijua mafundi wapo. Walikuwa wanawake watano kwenye meza moja ndefu, wakishona sare za shule. Mwenye mali aliitwa Mama Mkasi, mtu aliyeweza kusengenya na pini mdomoni bila kumeza hata moja.

Redio alirudi kazini mtoto akiwa bado mchanga. Siku hiyohiyo Mama Mkasi akaleta habari.

"Jamani, kuna mama kaja na suruali ya mumewe. Anataka zipu ishonwe juu mpaka chini, isifunguke kabisa. Namuuliza kwa nini, ananiambia mume anasafiri kikazi."

Redio alicheka kama alivyocheka siku zote. Kukatoka joto, likashuka mguu wa kiti, likafika kwenye kitambaa cheupe cha mashati kilichokunjwa chini ya meza.

Mashine zikanyamaza, kisha zikaendelea. Mama Mkasi alikichukua kitambaa, akakiloweka mwenyewe, akakianika. Kesho yake Redio alikuta kiti chake kimevalishwa mfuko wa plastiki, umefungwa vizuri kwenye pembe zote. Wote watano walikuwa wamezaa, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutoruka mtaro wala kamba. Kinachojulikana na wote hakina haja ya kusemwa, ndiyo maana hakijawahi kupona.

Uzazi wake ulikuwa mrefu. Walimkandamiza tumbo watu wawili, wakamwambia asipige kelele, na kilichochanika akakishona mwanagenzi wa ukunga huku mwenzake akimmulikia na simu. Redio alikuwa fundi; alijua kwa kusikia tu, bila kuona, kwamba mishono ni mipana na uzi hautoshi. Mteja akiwa amelala chali haulizwi anataka mtindo gani.

Tangu hapo akikohoa kulitoka, akipiga chafya kulitoka, akimnyanyua mtoto kulitoka. Hayo angeyavumilia. Lililomshinda ni kucheka.

Alipompeleka mtoto kupimwa uzito alimnong'oneza muuguzi. Muuguzi alikuwa mtu mwema, na foleni ilikuwa imefika getini.

"Kawaida hiyo, mama. Misuli ya huko chini imelegea. Jikaze nyumbani. Kaza kama mtu anayezuia mkojo, kila siku, hata ukipika. Anayefuata!"

Zoezi lilikuwa na nusu ya pili, lakini anayefuata alikuwa ameshaketi.

Nyumbani akamweleza mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na watoto saba, na tangu wa tatu alikuwa hatoki nyumbani bila kujua choo cha huko aendako kiko upande gani.

"Mimi nilikwambia nini? Jikaze. Mwanamke ni kujikaza."

Mumewe, fundi rangi, alikuwa analala kwenye mkeka karibu na mlango kwa sababu ya joto. Joto hilo lilianza mtoto alipozaliwa na halikupungua hata mvua ziliponyesha.

"Jikaze, mke wangu," akasema, akageukia mlango.

Neno halikuwa geni. Alipomzika mama yake aliambiwa ajikaze. Alipokuwa na uchungu wa kuzaa aliambiwa ajikaze. Siku alipoolewa lugha yenyewe ilimpa cheo cha mkazamwana, na aliyetunga cheo bila shaka aliijua kazi. Redio akaona kumbe dawa ni moja kwa maradhi yote. Akakaza.

Alikaza kwenye mashine, mguu ukikanyaga pedali. Alikaza kwenye foleni ya maji, alikaza akinyonyesha, na usingizini alikaza. Kuachia hakuachia, maana hakuna aliyelitaja neno hilo. Mkojo ukatii, ule mfuko wa plastiki ukakauka. Kicheko nacho kikatii.

Mama Mkasi alipoleta habari ya mzee aliyetaka mfuko wa siri ndani ya mfuko wa suruali, na mkewe akaja kesho yake kuuliza ramani, wenzake walilalia meza kwa kucheka. Redio alitabasamu mdomo ukiwa umefumbwa, akatia uzi kwenye sindano. Baadaye kidogo mmoja wao alivuta droo kutafuta chaki, na kicheko cha Redio kikatoka humo chote, mpaka mwisho.

"Redio imehamia kwenye droo," akasema Mama Mkasi. "Na chaki yangu nani kaichukua?"

Tokea hapo kicheko kilikwenda kilikotaka. Kilikutwa kwenye sukari, kwenye foronya, kwenye kiatu cha kushoto cha mume. Zaidi kilipenda vitu vyenye kifuniko. Fundi rangi alipofungua bakuli lake la chakula kazini kilitoka mbele ya wenzake, na kesho yake wakamngojea. Ikawa desturi; hakuna aliyeanza kula kabla bakuli la fundi rangi halijafunguliwa.

"Mkeo ana raha sana," walimwambia.

"Sana," akasema fundi rangi.

Jioni alianza kuliosha bakuli mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kuliacha wazi karibu na mkewe alipokaa. Kisha alikwenda kwenye mkeka wake.

Jirani naye akaja na chupa ya jemu, imeoshwa ikang'aa. "Wifi, nijazie kidogo basi. Mama yangu anaumwa, hali chakula." Redio akaipokea, akaiweka mezani usiku kucha, asubuhi akamrudishia imejaa. Mgonjwa akala. Mama Mkasi akapanga makopo ya vifungo dirishani, wateja wakaongezeka. Watu walisema mwanamke huyu kajaaliwa, anacho mpaka cha kugawa. Hawakusema kwamba meno yake hawajayaona tangu ajifungue.

Mtoto, ambaye alikuwa wa kike, aliwahi kucheka kuliko wenzake wa umri wake. Mara ya kwanza alicheka na kopo la sukari. Akilia, bibi yake alimfungulia kopo, akanyamaza. Akaanza kuyanyooshea makopo mikono kama watoto wengine wanavyowanyooshea mama zao. Redio alipoinama mbele yake, akatoa ulimi, akakunja pua, akajifanya paka, mtoto alimtazama kama mtu anayetazama ukuta uliopakwa rangi vizuri.

Hilo ndilo lililomuuma. Mume na alale popote, mishono na iwe mipana, kiti na kivae plastiki. Redio alitaka kitu kimoja tu: mtoto wake amtazame usoni acheke.

Siku ya chanjo alimkuta mtu mwingine, mama wa mazoezi, aliyekuwa akizunguka vituo na godoro jembamba kwapani. Alimlaza, akamkunja magoti, akaweka kiganja tumboni chini ya kitovu.

"Achia."

"Niachie nini?"

"Hapa. Umekaza kama ngoma."

"Niliambiwa nikaze."

"Na kuachia?"

"Sikuambiwa."

Mama wa mazoezi akakaa kitako. "Kunja ngumi. Ukikaa nayo hivyo mwezi mzima, siku ya mwezi mpya utashika kikombe?"

"Sitashika."

"Basi na huko chini ni hivyohivyo. Unakaza, unahesabu taratibu, bila kubana pumzi. Halafu unaachia yote. Unapumzika kwa muda uleule uliokaza, au zaidi. Kuachia ndiyo nusu ya zoezi. Nani alikuambia ukaze tu?"

Redio akafikiri. "Wote," akasema.

"Na mishono alikukagua nani baada ya kujifungua?"

"Hakuna."

Mama wa mazoezi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa leo ni Jumanne. Redio akamweleza habari ya makopo.

"Ndiyo, lazima kiende mahali," akasema mama wa mazoezi. "Kuna mmoja kwake ni usingizi. Yeye hapati hata lepe, na majirani wanaukuta kwenye viatu vyao, wanachelewa kazini."

Redio akaanza kulala kwenye mkeka wa mumewe mchana, siku ambazo chumba cha kushonea hakikufunguliwa. Magoti juu, nyayo chini. Kaza. Achia. Mwanzoni kuachia kulikataa. Mwili ulikuwa umeshasahau njia. Akaufanya kama fundo la uzi, ambalo ukilivuta kwa hasira linazidi, ukilichezea polepole linalegea lenyewe. Likalegea.

Makopo yakaanza kukauka. La sukari lilitoa nusu kicheko, kesho yake kikohozi peke yake, kisha likawa la sukari tu. Mama Mkasi aliyatikisa makopo ya dirishani, akayaweka sikioni, akamtazama Redio kwa upole na huzuni kama anavyotazamwa mtu aliyefilisika. Jirani alisema mama yake amerudi kukataa chakula. Hakuwa analaumu, alikuwa anasema tu.

Fundi rangi alirudi na bakuli lake. "Leo halikutoa kitu. Wenzangu wamenicheka."

"Si walitaka kucheka?" Redio akauliza.

Mumewe hakulishika fumbo hilo. "Umeacha kujikaza?"

"Nimeambiwa niachie pia."

"Achia, nani kakukataza? Ila usiachie yote."

"Nyumba nzima inategemea," akasema mama mkwe, "na mwenyewe kajilaza chali mchana kama mwenye mji." Yeye alikuwa ameficha kopo moja la maziwa ya unga juu ya kabati, kifuniko kimekazwa kwa kitambaa, akiba ya mjukuu. Hilo bado lilikuwa limejaa kicheko.

Siku moja mchana Redio alikuwa mkekani, mtoto kaketi kando yake. Kaza. Achia. Mtoto aliushika mguu wake mwenyewe kwa mikono miwili, akautazama kwa makini, akautia mdomoni, akauma. Ukamuuma. Akautoa, akautazama tena kama anayemtafuta aliyemng'ata, kisha akapinduka ubavu taratibu, kama gunia la mchele lililochoka kusimama.

Redio akacheka.

Alicheka kwa mdomo wake. Sauti ilikuwa na kutu, ilikwama, ikapita. Na tone likatoka chini, dogo, naye akaliacha litoke. Meno yote yalikuwa nje. Machozi yalimjaa machoni akicheka, na alijiinua kwa viwiko ili mtoto amwone vizuri.

Mtoto alimwona. Hakuwahi kuuona uso ule ukifunguka namna ile, na sauti ikitoka ndani yake. Midomo ikamtetemeka. Akaangua kilio, akajivuta kwa matako sakafuni akienda mbali naye, mpaka mguuni mwa kabati, akanyoosha mikono juu.

Mama mkwe aliingia akifuta povu la sabuni mikononi. "Umemfanya nini?"

"Nimecheka, mama."

"Umemtisha. Hajazoea. Mpe chake."

Redio akasimama, akashusha kopo la maziwa, akafungua kitambaa, akabandua kifuniko. Kikatoka kicheko kirefu, laini, cha mwanamke asiye na shida duniani. Mtoto akanyamaza katikati ya kwikwi. Akacheka nacho, macho ndani ya kopo, mashavu bado yamelowa, na alikuwa mzuri sana. Hata mama mkwe alicheka kidogo, akashika kiuno, akabana mapaja.

"Ndicho cha mwisho hicho?" akauliza.

"Ndicho."

"Haya. Kesho utaona atakavyolia," akasema, bila ubaya, akarudi kwenye nguo zake.

Kicheko kilikwisha. Mtoto akatia mkono ndani ya kopo, akapapasa chini, akamwangalia mama yake. Lilikuwa jicho la kuomba, mara ya kwanza kumtazama hivyo.

Redio akaliweka kopo wazi kati yao wawili. Akalala chali, magoti juu, nyayo chini, akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Akakaza. Safari hii hakuhesabu, wala hakuachia.

Nguo zilipokuwa zimekauka na kuanuliwa, kopo lilikuwa limejaa.