Nitakaa

Nchi ya kwanza ya safari yao, kabla hata ya kuvua viatu, Fundi alikipindua kiti cha chumbani miguu juu, akakichungulia tumboni. Alibonyeza sponji, akavuta mkanda wa chini, akaguna.

"Pini za stepla tupu," alisema. "Hakuna msumari hata wa dawa."

"Kirudishe kiti cha watu," mkewe alimwambia. "Tumekuja kutembea, hatukuja kukagua makalio ya walimwengu."

Fundi alikuwa ametengeneza makochi na viti tangu ndevu hazijamwota. Mawakili walikaa juu ya kazi yake, maharusi walikaa, hata waliokuja kumdai mwenzao kodi walikaa kwanza wakapumua. Yeye mwenyewe hakukaa. Alikula amesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa, na chai yake ilipoa kwenye ukingo wa dirisha la karakana. Akirudi nyumbani jioni, alizunguka sebuleni na bisibisi mkononi akitafuta kitasa cha kukaza. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na nadhani walikuwa wametoka kumtembelea.

Mkewe alikuwa kinyume chake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, kwenye kiti kilekile ambacho Fundi alikivalisha upya kila kilipochakaa. Alisema "Hospitali, nikusaidie nini?" mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, likabaki Bi Simu. Siku alipostaafu walimuaga kwa keki na hotuba ndefu, naye akajibu kwa kifupi: "Nimekaa vya kutosha. Sasa nataka kutembea." Watoto wakachanga, mafao yakaongezewa hapo, ikapangwa safari ya nchi nne: kwa treni, kwa meli, kwa basi, na mwisho kwa ndege hadi kwa kitindamimba wao, binti aliyeolewa mbali na ambaye alikuwa ametoka kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Sasa ukimwambia mtu atembee, si ndio atembee kama binadamu? Bi Simu alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Katika nchi ile ya kwanza walikuwa hawajamaliza kifungua kinywa, keshasimama. Kwenye jumba la makumbusho kulikuwa na benchi katika kila ukumbi, yeye akalipita kila benchi kama linamdai. Kwenye meli abiria wote wamelala kwenye viti vyao, yeye anakwenda mbele, anarudi nyuma, ameshika reli. "Twende zetu," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi na ya jioni.

Fundi hakulalamika. Kutokaa kulikuwa dini yake, akafurahi kuona mkewe amesilimu. Aliwaambia hata wageni wa mezani, kwa ishara na maneno machache ya kuokoteza, kwamba huyu mama alikaa miaka yote, sasa anajilipa.

Furaha hiyo ilikufa nchi ya pili, asubuhi, na povu la kunyolea mashavuni.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya zamani na mlango wa bafu ulikuwa haufungi sawasawa. Fundi alikuwa mbele ya kioo. Bi Simu alikuwa dirishani anaongea na binti yao kwa ile sauti yake ya kazini, ya chini na safi, ambayo husikika vizuri zaidi kuliko kelele.

"Nitakaa," alisema. "Ndiyo, mwanangu, nimeshakubali, nitakaa. Ila baba yako asijue mpaka tufike. Akijua sasa hivi atanisumbua safari nzima."

Wembe ulisimama shavuni. Nitakaa! Nyumbani majirani walikuwa wamewatania kwamba bibi akishapakata mjukuu harudi, na Fundi alicheka pamoja nao. Kumbe lisemwalo lipo. Aliligeuza neno lile kama anavyogeuza kiti. Hakusema tutakaa. Alisema nitakaa. Herufi mbili tu mwanzoni mwa neno, na ndani ya herufi hizo mbili yeye hakuwamo.

Alitoka bafuni na mkato kidevuni.

"Umejikata," Bi Simu alisema.

"Wembe wa ugenini," Fundi alijibu, akaishia hapo.

Angeuliza, mambo yangekwisha asubuhi ileile na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini mwanamume aliyezoea kusema na mbao hupata taabu kusema na mtu. Akajikaza kisabuni. Alipiga hesabu yake kimoyomoyo: wakifika nchi ya nne atampoteza, basi dawa ni kutofika. Kuanzia siku hiyo kukawa na watu wawili katika safari moja, mmoja akivuta mbele na mwingine akivuta nyuma, na begi katikati yao.

Tumbo la Fundi likaanza kuuma kila siku ya kuondoka. Miwani ikapotea, ikaonekana ndani ya kiatu baada ya basi kwenda. Nchi ya tatu alisimama mbele ya duka la samani wakati wakielekea stesheni, akaingia ndani, akalala chali chini ya kochi la watu na tochi ya simu mkononi. Muuzaji aliita mwenzake. Mwenzake akaita meneja.

"Fundi, treni!" Bi Simu alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye kizingiti. "Treni inatuacha!"

"Njoo uone hizi springi. Zimefungwa kwa mkono."

"Springi! Kuna ndege inatungoja huko mbele, wewe unaniambia springi!"

Treni iliwaacha. Walifika stesheni ikiwa imebaki harufu yake tu. Palikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu ya mawe, kibanda cha kuuza magazeti, mfagiaji akisukuma fagio lake pana, na benchi moja la mbao. Treni nyingine ingekuja alasiri, na bado ingewahi ndege. Bi Simu alitembea mpaka mwisho wa ukumbi, akarudi. Akatembea tena.

"Kaa basi," Fundi alisema.

"Sitaki kukaa."

"Kaa! Unanitia kizunguzungu."

"Nimekwambia sitaki kukaa!"

Maji yakamfika Fundi shingoni. "Hutaki hapa," alisema, na sauti ikapanda mpaka mfagiaji akageuka, "lakini huko tunakokwenda utakaa! Nimekusikia kwa masikio yangu haya. Nitakaa, nitakaa, baba yako asijue. Basi nimejua! Kaa na binti yako, kaa na mjukuu wako. Mimi nitarudi peke yangu nikakae na vitambaa!"

 Kitu kikamtoka Bi Simu, mwanzoni kama kikohozi, halafu kikawa kicheko kabisa, cha kumkunja mtu. Alicheka akitafuta pa kushika, na palipokuwa karibu ni benchi. Akashuka juu yake polepole sana, mkono mmoja nyuma, meno yameumana, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo vya udongo. Fundi alikuwa amekaa na mwanamke yule miaka yote, na ndiyo kwanza anamwona akikaa.

"Una nini?" aliuliza.

"Kiti, Fundi." Alijifuta macho. "Uwanja wa ndege wa kule ni mkubwa mno. Binti yako ameomba nije nipokewe na kiti cha magurudumu. Nikamwambia sawa, nitakaa. Wewe uliyeuza viti maisha yako yote, umesikia nini?"

Fundi alilisogelea benchi.

"Magoti yameisha," aliendelea. "Daktari wa mifupa aliniambia kabla sijastaafu. Nikikaa yanakauka, na kuinuka ni vita. Ndiyo maana sikai. Kasema nitembee ninavyoweza, maana iko siku nitakaa nisiinuke. Nikaona heri niuone ulimwengu nikiwa wima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Wewe huwa unapita tu."

Lilimuuma, na alistahili. Alibaki amesimama mbele ya benchi na begi mkononi, aibu imemjaa, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Akadhani yamekwisha.

"Kwa hiyo tutarudi wote," alisema.

 Bi Simu alimtazama mfagiaji akikusanya takataka zake.

"Binti yako aliniomba pia nibaki," alisema hatimaye. "Sikumkubalia. Lakini sitakudanganya, niliwaza, na bado nawaza. Nikirudi nyumbani, kazi yangu itakuwa kukaa. Asubuhi mpaka jioni. Kule kwa binti kuna mtoto wa kupakata, kuna mtu wa kusema naye. Nyumbani kuna nani, Fundi? Miaka yote nilikuwa nikirudi nakukuta wima, na kulala nakuacha wima. Sijawahi kumaliza kikombe kimoja cha chai umekaa karibu yangu. Sasa niambie wewe. Nitakaa na nani?"

Hapo angeweza kusema "na mimi." Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alijua, na mkewe alijua, kwamba ahadi ya Fundi ni kama kochi lililo dirishani mwa duka, kila mtu hulipenda na halijawahi kukaliwa. Alimpa mkono tu, treni ilipokuja, akamwinua. Ilichukua muda. Safari hii hakutazama pembeni.

Ndani ya ndege Fundi alikaa. Hakuwa na pa kwenda, utasema, lakini watu walisimama, walinyoosha miguu, walipanga foleni ya choo kama wanagawiwa kitu. Yeye alijifunga mkanda akaukaza. Miguu yake ilicheza chini ya kiti cha mbele hadi abiria aliyekaa pale akageuka kumkazia macho. Vidole vilikwenda wenyewe kwenye mshono wa mto, vikaupima, vikarudi mapajani. Kila Bi Simu alipoinuka kwenda kunyoosha magoti, aliporudi alimkuta palepale. Mara moja alimtazama kana kwamba amepanda na mume wa mtu mwingine.

"Huchoki?" alimuuliza.

"Nimechoka vibaya," Fundi alisema, na ilikuwa kweli tupu. Kukaa kulimtia hofu ambayo karakana ilikuwa imemfichia: mikono mitupu, saa haziendi, na mtu wako pembeni yako akikuona ulivyo. Alisikia hamu ya kuruka. Akaishika ile hamu, akakaa juu yake.

Walipotua, kijana wa kike aliyevaa sare aliwangoja mlangoni na kiti cha magurudumu, na karatasi yenye jina halisi la Bi Simu, lile lililosahaulika. Bi Simu alilisoma jina, akakitazama kiti, akarudi nyuma hatua moja.

"Siwezi," alisema.

"Si ulikubali?"

"Nilikubali kwa simu! Kwa simu mtu hukubali lolote, mimi najua. Lakini mwanangu yuko huko nje na mtoto mkononi. Mjukuu wangu anione mara ya kwanza nasukumwa kama sanduku? Hapana. Nitatembea."

Mbele yao ukumbi mrefu wenye mishale ukutani uliendelea mpaka macho yakachoka. Bi Simu alipiga hatua chache, akashika ukuta. Mhudumu alisema jambo kwa upole katika lugha yake na kupapasa kiti. Abiria waliwapita kulia na kushoto. Machozi ya hasira yalikuwa yamefika kwenye kope za Bi Simu, na Fundi aliyaona, kwa sababu sasa alikuwa ameanza kuona.

Alikiinamia kiti. Akakipindua, akavuta mkanda, akabonyeza kikalio. Mhudumu aliguta. Fundi akakisimamisha tena.

"Kazi safi," alisema. Kisha akageuka, akashika mikono miwili ya kiti, akakaa.

"Fundi! Umerukwa na akili?"

"Sukuma."

"Watu wanatuona!"

"Waone. Shika hapo nyuma, sukuma. Na begi nipe mimi, nitapakata."

Bi Simu alishika vishikio ili amwinue, nia yake ikiwa ni hiyo tu. Lakini uzito wake ulipoegemea pale, magoti yakapumua. Kiti kikasogea kidogo. Akapiga hatua, ikaja ya pili bila ukuta. Mhudumu akafuata mbio akieleza sheria, mikono hewani, na Fundi akamgeukia na kumwambia kwa lugha yetu, kwa heshima zote, "Mwanangu, mambo ya viti niachie mimi." Sijui yule binti alielewa nini. Aliacha kupinga, akatembea kando yao akiziba mdomo kwa ile karatasi.

Basi wakaenda hivyo, mke wima na mume amekaa, akilalamika kila walipopita kwenye kiungo cha sakafu kwamba dereva hajui barabara, na mke akimwambia anyamaze kabla hajammwaga. Alikuwa anacheka. Fundi hakuweza kumwona usoni, lakini kicheko alikisikia juu ya kichwa chake njia nzima, na hakutamani kuwa mahali pengine popote.

Milango ya kioo ikafunguka. Binti yao alikuwa mbele ya watu wote, mtoto kifuani, tayari ameuandaa moyo kumwona mama yake kitini. Akamwona aliyemo kitini.

"Baba!" Alipiga ukelele ukumbi mzima ukageuka. "Mungu wangu, Baba amepatwa na nini? Mama, mbona hukuniambia? Baba, inuka! Unaweza kuinuka?"

"Naweza," Fundi alisema, na hakuinuka. Alishusha begi sakafuni, akanyoosha mikono. "Niletee mjukuu wangu hapa."

Binti alimtazama mama yake, haelewi kitu, mtoto amemshika vilevile. Bi Simu alikuwa bado ameegemea vishikio, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

"Mpe," alisema. "Baba yako amekaa. Usimwinue."