Moyo Mmoja Baada ya Mwingine

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na cheo hicho hakuna aliyekigombania nami.

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa hatuli kabla simu haijala. Sahani, viatu vipya, foleni ya bafuni, vyote mtandaoni. Mwaka wa pili tukaanza kuchagua. Wa tatu tukawa watu wa kuchungulia. Kufika wa nne, kila mtu kajikunja kama konokono: vya wenzake anavitazama, chake hakionekani.

Nami nikajikunja, ila ya zamani sikuyafuta.

Nilikuwa nimepata nafasi ya mafunzo kwenye maabara ya hospitali. Msimamizi, mama asiyejua kucheka, alinionya kwamba atakayetoa siri ya mgonjwa atatoka nayo mlangoni. Kisha akaomba namba yangu, tukawa tunaonana stetasi za simu.

Ijumaa, nimejilaza bwenini, simu ikaanza kutetemeka. Akaunti isiyo na sura ilikuwa inabonyeza moyo kwenye picha zangu, kuanzia ya kwanza kabisa, ikija juu taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nikajua hao ni wa hospitali, wananichimba kabla sijaanza mafunzo. Na huko juu nilijua kuna nini: video yangu nikicheza muziki maabara ya chuo, mikononi chupa za damu, majina ya wagonjwa yakisomeka vizuri tu.

Moyo. Moyo. Mwingine tena.

Zilipobaki picha chache, nikaiwahi video niifute. Kwa pupa nikagusa pa kusambaza. Badala ya kufutika ikapanda stetasi, mbichi kama ya leo. Nilipofaulu kuiondoa, jina la msimamizi lilikuwa limeshaingia kati ya walioitazama.

Simu ikalia. Mdogo wangu wa kike, anayeanza chuo mwaka huu, anacheka mpaka anakohoa. Akaunti ile ni yake. Alitaka kuona maisha ya chuo yakoje kabla hajayaingia. Nilimfokea, nikamwita mchawi, nikamuuliza mtu mwenye nia njema anaficha sura ya nini. Niliendelea hadi pumzi ikaniishia.

“Bosi ameshaiona video kwenye stetasi yangu. Umenifukuzisha kazi hata sijaianza,” nikamwambia.

“Mimi nimetazama tu, kaka. Aliyemwonyesha bosi wako ni wewe.”